Kichuguu changu kinakwama baada ya nusu saa: je, asilimia 15 ni kubwa mno?

"Shikamoo mwalimu. Natengeneza mchezo wa simu kuhusu kichuguu cha mchwa. Unagusa skrini upate majani, majani yanampa malkia nguvu ya kutaga, mayai yanakuwa vibarua, vibarua wanaleta majani zaidi. Mwanzoni kila kitu kilijiendesha chenyewe. Nikaiacha simu usiku, baada ya saa nane nikakuta mahali pa majani pameandikwa 'Infinity'. Nikabadilisha: sasa mchezaji ananunua kibarua mwenyewe, wa kwanza kwa majani 10, na bei inapanda asilimia 15 kila anaponunua. Kila kibarua analeta jani moja kwa sekunde. Niliwapa watu 12. Wamefurahia kama nusu saa, kisha wote wanasema umekwama. Ili warudi nikaweka sharti kwamba mayai yasipoguswa kila baada ya saa mbili yanaoza. Wamebaki wawili, na mmoja ni mdogo wangu wa kidato cha pili, anayeamka usiku kugusa mayai. Je, niweke asilimia ngapi? Na nikiuza askari wa kichuguu kwa pesa halisi, kuna ubaya?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na la mdogo wako nitalirudia, kwa sababu kwangu ndilo zito kuliko hayo mengine. Ila kwanza nikutoe hofu moja: asilimia 15 haina kosa. Cookie Clicker, mchezo wa Mfaransa Julien Thiennot uliotoka mwaka 2013, unatumia asilimia 15 hiyo hiyo kwa majengo yake yote, na watu wanaucheza mpaka leo. Kwa hiyo unachokitafuta hukipati kwa kubadilisha namba hiyo, na nitakuonyesha kwa hesabu zako mwenyewe.

Chukua karatasi. Mchezaji mwenye vibarua 20 anadaiwa majani 164 kumpata anayefuata. Vibarua wake wanaleta 20 kwa sekunde, basi anasubiri sekunde 8. Hapo raha tupu. Akiwa na 30 anasubiri sekunde 22. Akiwa na 40, sekunde 67. Akifika 50, bei imekuwa 10,837 na anasubiri sekunde 217, yaani zaidi ya dakika tatu na nusu akimtazama mchwa yule yule akitembea njia ile ile. Akifika 60 ni dakika 12. Akifika 70 ni dakika 42. Nimejumlisha muda wote wa kusubiri kutoka kibarua wa kwanza hadi wa hamsini na moja, nikapata kama dakika 34. Wachezaji wako hawakukudanganya hata kidogo. Waliondoka pale pale hesabu inapowaambia waondoke.

Sasa tuseme umeshusha hadi asilimia 7, kama biashara ya limau kwenye AdVenture Capitalist, mchezo mwingine wa aina hii. Ukuta ule ule wa dakika tatu na nusu utaukuta, ila utaukuta kwenye kibarua wa 115 hivi, baada ya saa moja na kidogo. Umeusogeza mbele tu. Bei inayopanda kwa asilimia huongezeka maradufu kila baada ya hatua chache (kwa asilimia 15 ni kila vibarua watano), wakati mapato yako yanaongezeka kwa moja moja. Kitu kinachojizidisha hukipita kinachojijumlisha, hata ukikipa nafasi ya kutangulia. Hakuna asilimia itakayokuokoa na hilo, na wala hutakiwi kuokolewa. Ukuta ni sehemu ya mchezo wa aina hii. Kinachokosekana kwako ni kitu cha kufanya mchezaji anapoufikia.

Kuhusu ile "Infinity", hilo nalo si hitilafu ya simu. Katika toleo la kwanza majani yalizaa vibarua na vibarua wakazaa majani bila mkono wa mtu katikati, kwa hiyo kichuguu chote kilikuwa kinajizidisha. Namba za kawaida za JavaScript (lugha ya kuandikia programu), ambazo nadhani ndizo unazotumia, zinaishia karibu na 1.8 mara 10 kwa kipeo cha 308. Inasikika kama mbali mno, lakini kuongezeka maradufu mara 1,024 kunakufikisha. Kichuguu kinachoongezeka maradufu kila sekunde 28 hufika hapo ndani ya saa nane, usiku mmoja tu. Na kuna mpaka wa karibu zaidi ambao bado hujauona: ukipita 9,007,199,254,740,992, kuongeza moja huenda kusibadilishe kitu, kwa sababu namba haiwezi tena kushika kila tarakimu. Mchezaji ataona kibarua wake mmoja anafanya kazi na hesabu haisogei. Kwa mchezo mdogo kama wako usikimbilie maktaba za namba kubwa, yaani misimbo iliyoandikwa tayari na wengine kwa kazi hiyo. Ukipanga ukuaji vizuri hutafika huko.

Kati ya kujizidisha kunakolipuka na kujijumlisha kunakokwama kuna njia ya tatu, nayo inakufaa zaidi: mnyororo. Mchezo wa Swarm Simulator wa mwaka 2014, ambao nao ni wa kundi la wadudu, umejengwa hivyo. Mdudu wa chini analeta nyama, malkia anazalisha wadudu wa chini, kiota kinazalisha malkia, na kuendelea kupanda. Ukiwa na kibarua mmoja tu, baada ya sekunde 3,600 una majani 3,600. Ukiwa na malkia mmoja anayetoa kibarua mmoja kila sekunde, baada ya muda huo huo una majani karibu milioni 6.5. Ni ukuaji mkubwa unaofurahisha macho, ila haujizidishi wenyewe, kwa hiyo bei ya asilimia 15 itaushinda hatimaye na mchezaji atafika ukutani. Hapo ndipo unamfungulia ngazi nyingine ya mnyororo. Ukuta, mlango, ukuta, mlango.

Hapa ndipo nataka ukae na kichuguu chenyewe, maana nahisi umekichora kutoka kichwani. Nieleze kidogo ninachokijua kwa macho. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunachimba udongo wa kichuguu kwa ajili ya kufyatulia matofali. Ukishapasua ganda lile gumu kama saruji, ndani unakuta vyumba, na katika vyumba kuna kitu kama mkate mkavu wa rangi ya kijivu uliokunjamana, mwepesi mkononi, una vitone vyeupe vidogo kuliko punje ya mtama. Hicho ni sega la kuvu. Mchwa wajenzi wa vichuguu vikubwa vya kwetu, jamii ya Macrotermes, wanakula nyasi na vijiti vikavu, wanavitoa vikiwa bado havijameng'enywa vizuri, wanavipanga kuwa sega, na kuvu inaota juu yake na kuvivunja. Baadaye wanakula sega hilo na vile vitone. Ni wakulima, mdogo wangu. Uyoga mkubwa mtamu unaochipuka kichuguuni wakati wa mvua unatoka kwenye mashamba hayo hayo.

Tazama hilo linaupa nini mchezo wako. Sasa hivi majani yanageuka nguvu papo hapo. Weka shamba katikati: majani yanaingia shambani, shamba linachukua muda, kinatoka chakula, na chakula ndicho kinachomlisha malkia. Ghafla mchezaji hana tena namba moja ya kuikuza. Akiwa na majani mengi na mashamba machache, majani yanarundikana bure. Akiwa na mashamba mengi na vibarua wachache, mashamba yanakaa na njaa. Mapato yake yanafuata kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, na kazi yake ni kukigundua. Dakika zile tatu na nusu ambazo mtu alikuwa anasubiri tu, sasa anatazama kichuguu na kujiuliza kimebanwa wapi. Kusubiri ni kule kule, ila sasa kichwa kina kazi.

Askari nao wapo kwenye mchezo wako kama pambo. Kwa mchwa hawa, askari ana taya kubwa kiasi kwamba hawezi kujilisha, analishwa mdomoni na vibarua. Basi mfanye awe gharama. Kila askari anakula chakula kila sekunde na haleti hata jani moja, ila bila askari siafu wakija mchezaji anapoteza vibarua waliokuwa nje. Askari wangapi wanatosha? Hilo ni swali zuri la mchezo, kwa sababu halina jibu moja.

Na nikukumbushe mambo mawili kuhusu mchwa, ingawa hukuyauliza. Malkia hatoi amri. Yeye ni mtagaji. Mayai yake kwa siku ni maelfu, na hata kujisogeza ni shida. Kichuguu kinajengwa na vibarua wanaofuata harufu na unyevu na kazi iliyoachwa na mwenzao. Ukimpa malkia kitufe cha "amuru", utakuwa umepoteza kitu kizuri, yaani mchezaji kuona kichuguu kinajipanga kutokana na mahitaji. La pili, umemsahau mfalme. Mchwa si ndugu wa siafu na sisimizi, wako karibu zaidi na mende, na kwao dume hafi baada ya kujamiiana. Anaishi na malkia chumba kimoja kwa miaka.

Mfalme huyo ndiye anayenifikisha kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote kwa mchezo wako. Michezo ya aina hii ina desturi ya kumruhusu mchezaji aanze upya kwa hiari, apoteze alivyonavyo, apate badala yake nguvu ya kudumu. Kwenye michezo mingi jambo hili huonekana limebandikwa tu. Wewe unalo tayari, liko nje ya dirisha lako kila mvua za kwanza zinaponyesha: kumbikumbi.

Kichuguu kikishakomaa, na hilo huchukua miaka, kinalea wadudu wenye mbawa. Mvua ikinyesha ardhi ikalainika, vibarua wanatoboa matundu na kumbikumbi wanamwagika nje. Unajua mwenyewe kinachofuata, taa zinawashwa, mabeseni yanawekwa maji, kuku wanashiba, watoto wanashiba. Walio wengi wanaliwa. Wawili wawili wachache wanaobaki wanatua, wanang'oa mbawa zao, wanachimba shimo dogo, na wanalea watoto wa kwanza kwa akiba iliyo ndani ya miili yao tu, kwa sababu hakuna kibarua hata mmoja wa kuwatumikia.

Ukiigeuza hiyo kuwa kanuni, utakuwa na mchezo ambao haufanani na wa mtu mwingine. Idadi ya kumbikumbi isiende sawasawa na majani, maana mchezaji atakaa tu mpaka achoke. Tumia kipeuo cha pili: gawanya majani yote aliyowahi kukusanya kwa milioni moja, kisha tafuta kipeuo cha pili. Akiwa na majani milioni 100 anapata kumbikumbi 10. Kupata 20 anahitaji milioni 400. Kwa hiyo kila anapoendelea kukaa, faida ya kukaa inapungua, na yeye mwenyewe ataamua lini mvua inyeshe. Cookie Clicker wanatumia kipeuo cha tatu, kinachobana zaidi. Kwa mchezo wa saa chache kitakuwa kikali mno. Kisha mpe kila kumbikumbi aliyeokoka asilimia mbili za mapato katika kichuguu kipya, na uijaribu. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuchezea, si ile 15.

Swali jingine la kujiamulia: mchezo uwe na mwisho au usiwe nao? Usio na mwisho unamweka mtu kwa muda mrefu, lakini unakudai wewe ulete kitu kipya kila mwezi, na uko peke yako. Wenye mwisho unaweza kuumaliza na kuusafisha. A Dark Room ya Michael Townsend ya mwaka 2013 na Universal Paperclips ya Frank Lantz ya mwaka 2017 zote zina mwisho, na watu bado wanazikumbuka. Kwa kazi ya kwanza ningekushauri vichuguu vitatu au vinne, saa tano hivi za kucheza, kisha mwisho. Hasara yake ni kwamba matangazo ya biashara yatakulipa kidogo, kwa kuwa mtu akimaliza anaondoka. Hilo ujue kabla.

Jambo dogo la ufundi nisilisahau: usihesabu sekunde kwa kutegemea saa ya programu ikiwa wazi. Vivinjari na simu hupunguza kasi ya programu zilizofichwa ili kutunza betri, kwa hiyo sekunde zako nyingine zinapotea. Hifadhi muda wa mara ya mwisho, mchezaji akirudi toa tofauti, kisha kokotoa mapato ya muda wote huo kwa mkupuo, na uweke kikomo, tuseme saa 12. Ukifanya hivyo mtu anayelala anaamka amekusanya kitu.

Na hapo ndipo nafika kwa mdogo wako.

Ulidhani adhabu itawarudisha watu. Wengi wanafikiri hivyo, na kwenye michezo ya biashara wapo wanaoifanya makusudi. Lakini angalia ulichokipata: kati ya watu 12, kumi waliona mayai yameoza wakafuta mchezo, na mmoja wa wawili waliobaki ni mtoto anayeogopa kupoteza. Anayeamka saa nane usiku kwa sababu ya hofu huwezi kumhesabu kuwa ameupenda mchezo. Na kichuguu chenyewe hakikuungi mkono. Mayai ya mchwa hayamngoji mtu ayaguse. Vibarua wanayabeba na kuyatunza usiku na mchana bila kuambiwa. Toa sharti hilo usiku huu, kabla hujagusa kitu kingine chochote nilichokiandika hapa. Halipunguzwi kuwa saa nne au sita. Litoe.

Ukishalitoa, zungumza naye. Mwambie kosa lilikuwa kwenye mchezo na wewe ndiye uliyeliweka, asidhani yeye ndiye mdhaifu. Kwa vijana wengi usingizi utarudi ndani ya siku chache. Ukiona bado anaamka usiku kutafuta simu, ameacha vitu alivyokuwa anavipenda, masomo yanaporomoka na hawezi kujizuia hata akitaka, hapo usingoje jibu la maandishi kutoka kwangu wala kwa mtu mwingine. Waambieni wazazi, mwoneni mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwake, na ikibidi hospitali. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya kielektroniki kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu mwaka 2022, kwa hiyo daktari hatawashangaa. Wiki moja ya mayai haimfanyi mtu kuwa mgonjwa, lakini wewe ndiye unayelala naye nyumba moja, utaona.

Kuuza askari kwa pesa halisi, nakushauri usifanye hivyo. Sababu yangu ni ya hesabu kabla ya kuwa ya maadili: ukishauza askari, kila ukuta utakaoujenga utakuwa na kishawishi cha kuufanya mrefu kidogo ili mtu alipe, na baada ya miezi miwili hutajua tena kama umeupanga kwa ajili ya mchezo au kwa ajili ya mfuko. Kama unahitaji kipato, na kipato si dhambi, uza mchezo mzima kwa bei moja, au toa kichuguu cha kwanza bure na uuze vilivyobaki. Siku utakayoamua kupokea malipo ya simu, na hasa ukianza kuhifadhi namba za simu na majina ya watoto, nenda ukaonane na mwanasheria ana kwa ana. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuna masuala ya usajili wa biashara na ya kodi, na hayo sitaki uyafanye kwa kubahatisha.

Kuna msaada mwingine wa ana kwa ana ambao hakuna hesabu inayoweza kuuziba. Ukishaweka shamba la kuvu, mtafute mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo, mkae naye mchana, umpe simu, unyamaze. Usimweleze chochote hata akikwama. Kuwa na daftari, na kila anapoacha kugusa skrini andika ni dakika ya ngapi na macho yake yalikuwa wapi. Akiuliza "sasa nifanyeje?", andika hilo pia. Fanya hivyo kwa watu watatu, kisha nitumie kurasa hizo kabla ya kunitumia namba yoyote ya bei. Na kama mdogo wako atakubali, mtu wa nne awe yeye, mchana, akiwa amelala vizuri.